Mrudishie Mjukuu Wangu Chunusi Zake

Kwa Daktari Zisimos,
Kliniki ya Ngozi, nyuma ya soko la samaki,
Volos.

Mheshimiwa Daktari,

Nakusalimu kwa heshima zote, na heshima zikiisha nina malalamiko. Mimi ni Polixeni Kaltsa, bibi yake Thrasos, yule kijana uliyekuwa ukimmulika uso kwa taa yako ya buluu kila Jumanne mpaka chunusi zikamwisha. Ndiyo, zimekwisha. Hapo ndipo kosa lako lilipo.

1. Ulinihadaa kwa rangi. Kila mtu anajua buluu hufukuza jicho la husuda. Ndiyo maana kwetu mtoto huvishwa shanga ya buluu kabla hata ya soksi. Nilipoiona taa nikasema, huyu daktari kalelewa na mama. Nikaruhusu. Kumbe taa imefukuza chunusi na kuikaribisha husuda ndani! Uso ule wa zamani nani angeuhusudu? Ulikuwa kinga tosha.

2. Mate yamenikauka. Mtu akisifiwa lazima atemewe, ftu ftu ftu, jicho lisimpate. Sasa Thrasos anasifiwa kwa mwokaji mikate, anasifiwa kituo cha basi. Jumapili padri mwenyewe kaniuliza, "Polixeni, huyu ndiye yule wako? Mbona kawa kama wa kuchorwa!" Nikatema palepale kanisani. Siku hizi natembea na chupa ya maji.

3. Hili ndilo linaloniuma. Zamani Thrasos alikuwa akijificha kwangu. Kila jioni tulikula nyanya za kujaza wali, tukagombana juu ya tamthilia ya televisheni. Sasa kuna Danai, binti wa mwokaji. Anapiga honi ya pikipiki nje: "We Thrasos, toka basi! Au bibi kakufungia?" Naye huyo, mbio: "Bibi, nibakizie!" Nambakizia. Asubuhi nakila kiporo peke yangu. Nina upweke, Daktari, na sioni haya kuusema.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu umrudishie chunusi. Si zote, mimi si katili. Hata shavu moja tu, lile Danai analoliona akigeuka kwenye pikipiki. Taa ya kuzirudisha hukosi. Anayejua kufunga mlango anajua na kuufungua.

Nisalimie mkeo, mama yako, na yule muuguzi aliyenipisha kiti.

Wako mwenye uchungu,
Polixeni Kaltsa

Nyongeza: Leo Thrasos kaamka na kipele puani. Nilimwashia Bikira Maria mshumaa wa shukrani. Kisha nikamsikia akilia bafuni: leo jioni alikuwa amlete Danai kula kwangu, na sasa anasema hamleti tena. Nyanya nimeshazijaza, za watu watatu. Daktari, mwanangu, iwashe hiyo taa! Tunakuja na basi la kwanza. Barua hii nitakupa mkononi. Tafadhali usiisome mbele yake.