Vyumba Bei Chee, Mchanga Bure

Jumatatu, 6 Julai

Nisamehe, shajara yangu, nimekutupa siku nyingi. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa na tumbo kubwa na akili timamu. Tumbo limeshuka, akili nayo imeshuka, na mwenye kosa amekaa mapajani pangu anatafuna kifuniko cha kalamu. Tunamwita Bosi. Ana miezi minane. Halali! Sitanii. Wiki iliyopita nilimpa mume wangu chai yenye sabuni ya unga badala ya sukari. Akainywa yote. Naye alikuwa amelala, sema macho yalikuwa wazi.

Ndipo akaja wifi. Wifi yangu haji mikono mitupu, huja na ushauri. Kasema nimeshindwa na kila mtu anaona, hivyo Bosi apelekwe kwa bibi yake, akae huko mpaka aanze kutembea. Anasema hivyo huku anakunja nguo za mtoto, kama vile gari liko nje linamsubiri!

Nikamwambia mwanangu hatoki ubavuni pangu. Akasema basi jamaa waanze kuchimba kaburi langu. Hapo mdomo ukanitangulia. Nikasema sijashindwa, ni kelele za mtaa wetu tu. Nikasema nitasafiri na Bosi, sisi wawili peke yetu, na nitamtumia picha tumelala fofofo. Wifi alicheka mpaka akatafuta kiti. Kasema nikileta picha hiyo hatafungua mdomo tena. Nisipoileta, Jumapili anakuja na begi kumchukua mtoto.

Neno limetoka, halirudi. Nikashika simu kutafuta pa kwenda. Na nimepata! Mji wa jangwani. Hakuna anayetaka kwenda, kwa hiyo kila kitu rahisi. Kuna picha ya nyumba ya wageni, ukutani wameandika kwa rangi nyekundu: VYUMBA BEI CHEE. MCHANGA BURE. Yaani mtoto mchanga halipiwi! Wapi tena watu wanajali wazazi namna hii?

Wifi atajuta kunifahamu.

Jumanne, 7 Julai

Tumefika. Macho mekundu, meno yanasaga vumbi. Mji wote una rangi moja, ya gunia kuukuu. Mbwa wanapiga chafya. Mkate unakwaruza kama msasa. Katikati ya mji kuna chemchemi ya mapambo, na ndani yake badala ya maji kuna kiatu. Kimoja. Nimeuliza vivutio vya watalii, nikaelekezwa Bustani ya Jiji. Ni mti mmoja. Una uzio na mlinzi. Mlinzi akanikataza kukaa kivulini, kasema kivuli ni cha watumishi wa jiji.

Lakini hayo si kitu. Balaa liko nyumba ya wageni.

Mwenye nyumba ni mama mmoja mkavu, mrefu, funguo zote zinaning'inia shingoni, anatembea analia kama kengele. Nimempa jina Bi Funguo. Akanidai pesa ya chumba na nusu. Nikauliza hiyo nusu ya nani. Akamnyooshea kidole Bosi. Nikamvuta hadi ukutani nikamwonyesha maandishi yake mwenyewe. Mchanga bure! Na huyu ni mchanga, nikamwambia, mguse uone.

 Bi Funguo akanishika mkono, akanipeleka uani, akanionyesha lundo la mchanga linalofika dirishani. Upepo unaumwaga pale kila siku, na yeye hana nguvu ya kuuondoa. Kasema anayetaka aje achukue, bure.

Kumbe mchanga ni mchanga.

 Anayegawa mchanga jangwani ana akili gani? Lakini sikukubali kushindwa. Nikamwambia Bi Funguo, tena kwa adabu zote, shikamoo mama juu, kwamba nitaliondoa lile lundo kwa mikono yangu, na Bosi akae bila kulipiwa. Akakubali haraka sana. Haraka mno, ukiniuliza.

Jumatano, 8 Julai

Bosi hakulala. Alikaa kitandani kama hakimu, akaniangalia. Kila nikifumba jicho ananifungua kwa kidole. Chumba cha pili kuna mzee anayeuza betri, anakoroma kwa vituo. Akinyamaza, Bosi anapiga kelele mpaka aanze tena. Nadhani anampenda.

Asubuhi nimeshika koleo. Nimefanya kazi ya punda mpaka lundo likafika kiunoni. Mchanga wote niliusogeza nyuma ya ukuta wa jirani kimyakimya. Mchana ukavuma upepo. Lundo likarudi lote! Pamoja na kofia ya jirani. Jirani naye akaja kuitafuta, akaona koleo, akaona mimi. Kaniuliza kama kwetu hakuna mchanga mpaka nije kuchezea wa watu.

Wifi katuma ujumbe. Anauliza kama begi la bluu linatosha nguo za Bosi au alete na lile kubwa.

Nikalia kidogo. Bosi akanifuta kwa mkono wake, mkono wenyewe una uji. Nikamwambia wewe ndiye unayeniliza na wewe ndiye unayenibembeleza, sasa mimi nimshtaki nani? Akacheka, ana meno mawili tu lakini anayatumia vizuri. Huyu aende kwa bibi? Nisimwone akisimama mara ya kwanza? Thubutu!

Alhamisi, 9 Julai

Nimejaribu ujanja wa picha. Nilimlaza Bosi, nikajilaza, nikafumba macho, nikamwomba Mzee wa Betri apige haraka. Picha ya kwanza: Bosi ananivuta pua. Ya pili: Bosi amekaa kifuani kwangu. Ya tatu: Bosi hayupo, ameshashuka, na mzee naye amepiga kidole chake. Mzee akanishauri nimpe mtoto betri achezee. Nikamwambia mzee wangu, asante, nenda kapumzike.

Macho yamevimba kama maandazi. Kesho naendelea na lundo. Nimeahidi.

Ijumaa, 10 Julai

USHINDI!

Nina haraka, kalamu inarukaruka, lakini lazima uyajue haya leo hii.

Jana hiyohiyo, jioni, sikuweza kungoja kesho. Nikachukua koleo, nikatandika shuka juu ya lundo, nikamweka Bosi asije akatambaa mbali. Jua limekwisha ukali, mchanga umebaki na joto la mkate uliotoka tanurini. Bosi akatia mikono. Akatia miguu. Akajizungusha, mchanga ukamkumbatia pande zote, ukachukua umbo lake kama kiti kilichopimwa na fundi. Akahema mara moja, kama mfanyakazi aliyevua viatu.

Akalala!

Nikasimama na koleo langu, naogopa hata kumeza mate. Nikasema ngoja nijiegeshe kidogo tu nione kama kweli amelala.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa linachomoza. Shajara, LINACHOMOZA! Bosi bado yuko ubavuni pangu, mdomo wazi, chembe za mchanga kwenye kope. Juu yetu amesimama Bi Funguo. Usiku alikuwa amekuja kunifokea kwamba lundo liko vilevile. Kumbe alitukuta tumelala, akatufunika blanketi lake, akakaa kutulinda mpaka asubuhi, kafumbata funguo zisilie. Na kwa sababu nilikuwa nimemsumbua kila mtu kuhusu picha, akachukua simu yangu akapiga. Kidole hakuweka hata kimoja!

Nikamtumia wifi palepale.  Akauliza mbona tumezikwa nusu. Nikamwambia huo ndio usingizi.  Mwisho akasema haya, mtoto ni wako, kaa naye, begi nimelirudisha juu ya kabati. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini ingawa ni maandishi, mchanga huo unapatikana wapi, maana na mume wake hapati usingizi.

Nilimbeba Bosi nikazunguka naye uani tukicheza. Jirani akachungulia, akatikisa kichwa. Atikise tu.

Jumamosi, 11 Julai

Usingizi ukirudi, akili inarudi. Nimepata wazo. Kina mama wangapi kwetu hawalali? Na mchanga huku hauna mwenyewe! Nitaufunga kwenye magunia niubebe wote, wa kwanza kumuuzia ni wifi. Bi Funguo amefurahi mpaka amenishika mkono, kasema lundo likiondoka Bosi atakaribishwa bure maisha yake yote.

Na usafiri? Nimepata! Pale Bustani ya Jiji limeegeshwa lori la jiji, limejaa miche ya miti, ubavuni wameandika kwa herufi kubwa: PANDA BURE. Safari hii sikukurupuka, nimeshajifunza. Nimemuuliza dereva kama kweli ni bure. Kasema bure kabisa, kesho asubuhi nije nipande hata kumi. Nikamwambia tuko wawili tu. Kasema hata miwili inasaidia. Kiswahili chake kina kasoro kidogo, nimemsamehe. Kasema tu nisikose kuja na jembe. Kwa akili yangu nimeelewa: lori likikwama mchangani, abiria wanachimba. Haki kabisa.

Ujumbe niliomtumia dada yangu sasa hivi ni huu:

Dada, Bosi anakusalimu, ameota jino la tatu. Mpe dereva wa basi la leo vitu hivi: magunia matupu kumi yasiyo na tundu, sindano kubwa na kamba ya kuyashonea, nepi pakiti mbili, ile kofia ya Bosi yenye masikio, na jembe lenye mpini imara. Nauli usitume.