Tatu Gawanya kwa Nusu

Jumatatu, 5 Mei

Habari nzito! Maofisa wa elimu wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo kutazama somo la hesabu. Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Mbinya, ametangaza asubuhi. Mwalimu atakayewaridhisha wageni atakuwa mkuu wa idara ya hesabu, na mbinu yake itafunzwa shule zote za Marungu.

Nikarekebisha tai. Mbinu ninayo. Naandika ubaoni, nasema, wanarudia. Wasipoelewa, nasema tena kwa sauti zaidi.

Kisha Bi. Mbinya akaongeza kwamba tutafundisha wawili: mimi na Madam Lavender Muhonja.

Lavender! Amekuja Januari tu kutoka Kakamega, hata vumbi jekundu la huku halijazoea viatu vyake. Yeye ana Gredi ya Nane Magharibi, mimi Mashariki. Huwatoa watoto nje wakapime kivuli cha tangi la maji kwa kamba. Huo ni mchezo, si hesabu. Ni kweli muhula uliopita darasa lake lilipita langu kwa mbali. Lakini kila mtu anajua darasa la Magharibi linapata upepo.

Jumanne, 6 Mei

Ujasusi.

Nimepanga matofali nyuma ya darasa la Lavender, nikapanda kuchungulia dirishani. Nilichokiona sikukiamini. Wanacheka. Kwenye hesabu! Mtoto mmoja alikuwa amekosea ubaoni, na Lavender, badala ya kumkemea, akamuuliza alifikaje pale. Mtoto akaanza kueleza. Katikati ya maelezo akajishtukia mwenyewe, akafuta, akaandika upya. Sawasawa kabisa. Lavender hakufanya kazi yoyote. Sijui analipwa kwa nini.

Matofali yakateleza. Darasa zima likatoka mbio kuja kunitazama. Lavender akaniuliza kama nimeumia. Nikasema nilikuwa nakagua ukuta. Akawageukia wanafunzi, akawaomba wakadirie mwalimu na ukuta walifanya pembe gani kabla mwalimu hajafika chini. Wakabishana hadi kengele. Wamekubaliana kwamba ilikuwa pembe kali.

Kiuno changu hakina pingamizi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeamua kuiba mbinu. Kama ni kugusa vitu, basi tuguse vitu. Mke wangu Kaveke amenipikia chapati tatu. Aliuliza ni za nani, nikasema ni vifaa vya kufundishia.

"Baba Ben, tangu lini vifaa vya kufundishia vikapikwa kwa mafuta yangu?"

Nikaondoka haraka.

Somo lilianza vizuri mno. Nikakata chapati zote nusu nusu, nikazipanga mezani, nikageuka kuandika ubaoni. Niliporudi kutazama, meza ilikuwa tupu. Nikauliza nusu ziko wapi. Odera, wa dawati la mbele, akajibu mdomo umejaa kwamba kila aliyewahi amepata nusu yake. Nikasema somo limeharibika. Wakanisihi niendelee na somo, hasa kama nina chapati nyingine.

Hapo ndipo aliposimama Mukonyo. Msichana wa dawati la nyuma. Hunyamaza wiki nzima, halafu huuliza swali moja ambalo hunitoa jasho. Akasema tumeambiwa tatu gawanya kwa nusu ni sita. Je, kugawa si kupunguza? Mbona hii imeongezeka?

Nikamkumbusha kanuni: geuza, zidisha.

"Nimegeuza, Mwalimu. Lakini tunageuza kwa nini?"

Nikamwambia ni sheria. Akauliza nani aliitunga. Nikamwambia akae. Akakaa, na hakushika kalamu tena hadi kipindi kikaisha.

Jioni nimejaribu kujijibu mwenyewe. Tunageuza kwa sababu... Nimefunga kitabu. Ni sheria.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata!

Nitawaandaa. Nimetunga maswali, na kila mwanafunzi nimempa jibu lake, kwa mpangilio wa madawati kuanzia mlangoni. Swali likitoka, anayefuata anasimama, anasema jibu, anaketi. Kufikiri si lazima. Tumerudia hadi sauti zimekauka. Darasa linakwenda kama treni ya Mombasa. Bi. Mbinya alipita dirishani akasimama kusikiliza. Nadhani alifurahi. Alikuwa ameshika kichwa.

Mukonyo sikumpa jibu. Angeuliza limetoka wapi. Nimempa kazi ya heshima: siku hiyo atalinda gari la wageni dhidi ya nyani. Akauliza kama atakosa hesabu. Nikasema ndiyo, nikingoja afurahi kama mtoto yeyote mwenye akili timamu.

Akainamia daftari lake. "Mwalimu, ni kwa sababu mimi sijui?"

Nikasema hapana, ni kwa sababu nyani ni wengi.

Mchana nimerudisha sahani ikiwa imejaa. Nadhani ni maharagwe ya shule.

Ijumaa, 16 Mei

Ndovu!

Waliingia mashamba ya bondeni alfajiri, likiwemo la shule, wakala mahindi, kisha wakasimama njiani kama waliopewa zamu. Watoto wa upande ule wote wamechelewa. Wageni, kwa upande wao, walifika mapema. Bi. Mbinya akaniambia nianze na waliopo. Waliopo, kwa adabu nzuri, wakasogea kuziba mapengo. Sikuona hatari yoyote.

Nikauliza pembetatu ina pande ngapi. Wamalwa akasimama wima kama askari.

"Mita za mraba arobaini!"

Akaketi, ameridhika. Nikauliza nusu ya kumi ni ngapi. Nikajibiwa: alasiri. Nikauliza eneo la shamba lenye upana wa mita tano na urefu wa mita nane. Nikajibiwa: ng'ombe wawili. Mkubwa wa wageni, Bi. Carolyne Wanza, mama mpole mwenye miwani, akadhani watoto wana hofu. Akamuuliza Wamalwa kwa upole anaitwa nani.

Wamalwa akanitazama, macho yamemtoka. "Mwalimu, hilo hatukulifanya."

Mlango ukafunguliwa. Mukonyo. Amekuja kuripoti kwamba nyani wameshinda, na mmoja ameketi juu ya gari akiwa na kioo cha pembeni mkononi. Dereva akatoka mbio. Bi. Wanza akamuuliza Mukonyo kwa nini hakuwa darasani.

Mukonyo akanitazama. Angeweza kunimaliza pale pale.

"Nilikuwa na swali ambalo halijaisha," akasema.

Bi. Wanza akataka kulisikia. Mukonyo akalisema lote: tatu, nusu, sita, na mbona imeongezeka. Bi. Wanza akanigeukia. Nikasema geuza, zidisha. Akauliza kwa nini. Nikatazama dari. Dari yetu inahitaji rangi.

Lavender alikuwa ameketi nyuma akingoja zamu yake. Naye angeweza kunimaliza. Akainua mkono kama mwanafunzi, akasema tu, "Mwalimu Ngui aliwakatia chapati wiki jana. Labda waulizwe zilikwenda wapi."

Odera akaruka juu. Chapati zilikuwa tatu! Kila mtu alichukua nusu! Walikula wangapi?

"Sita!" Darasa zima, bila mpangilio wowote. Waliokosa ndio waliopiga kelele zaidi. Wao wanawakumbuka wote sita kwa majina.

Mukonyo akabaki amesimama, midomo ikisogea bila sauti. Halafu polepole: "Kumbe hatuulizi imepungua vipi. Tunauliza nusu ngapi zimo ndani ya tatu."

Uso wake! Kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Wenzake wakasema "Aaaa!" Mimi nikasema "Aaaa!" kuwazidi wote. Haikuwa mbinu. Ilinitoka tu. Bi. Wanza akaandika kitu.

Kisha, ndovu wakiwa wameshaondoka, Lavender akalitoa darasa lake nje. Wakaenda kukadiria ndovu wamekula sehemu gani ya shamba la shule, wakihesabu mistari, wakibishana, wakirudia kupima. Wageni wakawafuata hadi katikati ya mahindi na viatu vyao vizuri. Hakuna aliyenikumbuka. Nilibaki na nyani.

Jumatatu, 19 Mei

Lavender ndiye mkuu wa idara. Nilijua. Nilivaa tai hata hivyo.

Bi. Wanza ameniachia ujumbe kwa Bi. Mbinya. Anaomba Mukonyo aulize swali kila siku, na mimi nisiogope kusema sijui. Nimeanza leo. Mukonyo ameuliza mbona hasi mara hasi inakuwa chanya. Nikasema sijui. Wote wakaanza kusema kwa pamoja, kila mmoja na wazo lake. Nimekaa kwenye kiti kipindi kizima. Sikuwahi kujua kwamba kiti changu kinayumba.

Saa ya chai Lavender akaja na vikombe viwili. Akapendekeza tuunganishe madarasa yetu mara moja kwa wiki, tufundishe pamoja. Alisema bila kejeli yoyote. Nikatafuta kejeli, sikuiona. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamwomba sukari.

Nikakubali. Kusema kweli, nimebadilika. Mwalimu hujifunza kwa kuelewa, si kwa kukariri. Nimeyaandika haya kwa moyo wangu wote.

Na yametokea wakati mzuri, maana mwezi ujao walimu wote wa hesabu tunaitwa semina Voi, na mwisho wa semina kuna mtihani. Kwetu sisi walimu! Kila jibu lieleze na sababu yake. Wenzangu wamefadhaika. Mimi nimetulia tuli. Nimeshamwomba Lavender tuketi meza moja. Ana mwandiko mkubwa, unaosomeka vizuri, na huandika kwa mkono wa kushoto. Nikikaa kulia kwake, hakuna kitakachoniziba.