Siku Themanini na Nne za Kuchunguza Aftashevu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa ratiba ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu ni mimi pia. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Makaimu Wakuu wa Idara, na wale wanaowakaimu Makaimu. Ndugu Katibu Muhtasi uliyekipima kipaza sauti hiki mara tatu kikagoma mara mbili. Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Vinyozi, ambaye wenzako wanakuita Kipara, na ambaye nakuona umesimama pale umekunja mikono. Ndugu vinyozi wote wa eneo letu, wa kiti kimoja na wa viti vingi. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka upande wa maofisa.)

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kipimo, ingawa leo tuko hapa kuzindua maabara ya vipimo. Mtakumbuka kwamba siku themanini na nne zilizopita ofisi yangu ilipokea barua ya mwananchi mmoja mzalendo, aliyeeleza kwamba baada ya kunyolewa ndevu alipuliziwa aftashevu yenye alkoholi, na shingo yake ikawaka tangu asubuhi hadi saa ya chakula cha mchana. Ofisi yangu haikulala. Ndani ya saa ishirini na nne tulichukua hatua stahiki, tukafunga saluni zote za kunyoa, sitini na moja kwa hesabu ya awali, na kuelekeza kwamba hakuna kidevu kitakachonyolewa kibiashara mpaka maabara maalumu itakapothibitisha kisayansi kama kimiminika hicho kinadhuru ngozi ama hakidhuru. (Minong'ono upande wa vinyozi.) Nasikia mnanong'ona. Nong'oneni kwa utaratibu.

Sasa, wapo wanaosema tumechelewa. Hawaelewi mchakato. Jambo hili ni mtambuka, linahitaji fremuweki, linahitaji rodimapu, linahitaji kuwashirikisha stekholda wote kuanzia kidevu hadi kisogo, na ndiyo maana tuliunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikaenda semina ya siku tisa mahali penye utulivu ili kukubaliana juu ya maana ya neno "shavu". Leo naweza kuwatangazia kwa kifua mbele kwamba muafaka umepatikana kwa shavu la kushoto. (Makofi ya maofisa.)

Hatukuishia hapo. Tulifanya utafiti wa majaribio kwa watumishi thelathini wa ofisi yangu waliojitolea baada ya kuamriwa. Kati yao kumi na tisa ni akina mama, wanane ni wafuga ndevu ambao hawakukubali kuzinyoa hata kwa maslahi ya taifa, na waliobaki walipakwa aftashevu kwenye kiwiko kwa sababu za faragha. Tuliwauliza wote: je, inawasha? Asilimia tisini na saba walijibu inawasha, tukaandika kwamba ina madhara. Kisha tukawauliza: je, mnaona imefanya kazi? Asilimia tisini na saba walijibu kwamba imefanya kazi kwa sababu inawasha, tukaandika kwamba haina madhara. Matokeo haya mawili tumeyafunga katika jalada moja, na yanasomeka vizuri sana. (Kicheko. Mtu anasimama.)

Naona kuna mama amesimama, yule wa aproni ya buluu. Nimenong'onezwa hapa kwamba anaitwa Mama Wembe, kwamba alianza na kioo cha mkononi na kiti cha kukunja, na kwamba mpaka siku tunamfungia alikuwa na viti vinne na mafundi watatu. Hongera sana, mama, wewe ni mfano wa kuigwa, na tulikufungia kwa heshima. Uliza, lakini kwa ufupi. (Mama Wembe anauliza.)

Anasema asilimia tisini na saba ya watu thelathini ni watu ishirini na tisa na kidogo, anaomba kumjua huyo kidogo ni nani. (Kicheko kirefu.) Mama, takwimu ni taaluma. Huyo kidogo ni kaimu.

Anaendelea. Anasema wateja wake ni vichwa kumi na viwili kwa siku, na kwamba siku themanini na nne ni vichwa elfu moja na nane ambavyo havikupita mikononi mwake, na sasa wenye vichwa hivyo wananyoana wenyewe uani kwa mikasi ya kushonea, na wakizoea hawatarudi. Anasema mafundi wake wawili wameshaondoka, na huyu wa tatu amempa mpaka Ijumaa, Jumamosi anakwenda kupakia mchanga. Nimekusikia, mama, uchungu wako ni uchungu wangu, na huyo wa mchanga mwambie ofisi yangu inatambua mchango wa sekta ya mchanga. (Miguno.)

Hapana, nimekupa nafasi ya kuuliza, sikukupa nafasi ya kujibu. Haya, malizia. (Mama Wembe, kwa sauti inayofika nyuma: "Mheshimiwa, jibu tunalo. Ngozi ya mafuta inavumilia, ngozi kavu inakauka zaidi na kubanduka, na ngozi iliyokwanguliwa na wembe haitaki alkoholi hata tone, itakuchoma tu. Mimi namwagia maji baridi, nakausha kwa kugandamiza bila kusugua, nampaka mafuta kidogo yasiyo na manukato. Mteja mwenye ngozi ngumu akitaka ya kumuwasha nampa, kidogo. Spiriti nyingine yote nasafishia mashine ya kunyolea. Umetufungia kwa kitu ambacho ungeniuliza ukiwa umekaa kitini." Makofi marefu ya vinyozi.)

Tulieni. Tulieni, ndugu zangu. Mama ameongea kwa hisia, na hisia tunazipokea. Lakini tujiulize, ameyajua wapi hayo? Anasema ameyajua kwa vidole, kwa miaka kumi na tisa. Mimi naheshimu vidole, nina kumi, ila vidole havina ithibati. Havijawahi kupigwa muhuri. Je, tukiruhusu kila mwenye vidole aseme ngozi hii kavu na ile ya mafuta, kamati ndogo ifanye kazi gani? (Sauti: "Irudi nyumbani." Kicheko.) Huyo aliyesema hivyo ajue namwona.

Kuna mwingine anauliza kidevu changu kimenyolewa na nani leo asubuhi wakati saluni zote zimefungwa. Swali zuri. Kunyoa viongozi ni huduma ya dharura, ipo kwenye waraka, nyongeza ya pili, na mtoa huduma alipitia mlango wa jikoni kwa kufuata taratibu zote. Na haya magamba mnayoyaona shavuni kwangu, pamoja na huu mpauko wa hapa shingoni, havihusiani kabisa na aftashevu ninayojimwagia asubuhi na jioni kwa miaka mingi. Nimepauka kwa kuwatumikia. (Mkuu wa Idara anaanza kupiga makofi peke yake, anaacha.)

Niwaambie sasa tunakokwenda. Katika awamu ya kwanza maabara hii itapima ngozi mia nne kwa siku. Katika awamu ya pili, ngozi mia nne kwa siku hata siku za mapumziko. Na katika awamu ya tatu tutaangalia kama awamu ya kwanza ilianza. Tutapima uwashaji kwa kipimo cha kidijitali. Kila chupa ya aftashevu itasajiliwa, kila shavu litapewa namba. Ndani ya miaka mitano, kwa makadirio ya wataalamu wangu, vipele vya kidevu vitapungua kwa asilimia mia na ishirini. (Mama Wembe anahesabu kwa vidole, anatikisa kichwa.) Mama, usihesabu. Na saluni zenu, sikilizeni hapa maana ndicho mlichokuja kukisikia, zitafunguliwa siku ileile ambayo jibu la kwanza litatoka ndani ya maabara hii, si siku moja kabla, wala dakika moja.

Kabla sijavuta pazia hili nyuma yangu, tuamshane kidogo. Nikisema "Ngozi!", nanyi mseme "Kwanza!" Ngozi! (Maofisa: "Kwanza!" Vinyozi: "Kavu!") Nikisema "Kidevu salama!", mseme "Taifa salama!" Kidevu salama! (Sauti moja ya Katibu Muhtasi.) Asante, dada. Imetosha.

Na sasa shukrani, maana mimi si mtu wa kusahau fadhila. (Pazia linavutwa.) Namshukuru sana mwenye gereji kwa kutuazima ukuta wake wa nyuma. Namshukuru kwa namna ya pekee mchoraji wa mabango, aliyekesha akituchorea mlango huu wa maabara ambao ukisimama mbali kidogo unaweza kabisa kunyoosha mkono ushike kitasa. Naomba usiguswe, rangi bado mbichi. Nawashukuru wachunguzi wetu watano wa ngozi, ambao wangekuwa nasi hapa kama wangeajiriwa. Nawashukuru wataalamu wa majengo kwa kutushauri kwamba nyuma ya ukuta kuna shimo la kumwagia oili, hivyo jengo lenyewe litasubiri bajeti ijayo, au ile inayoifuata. Na mwisho kabisa nawashukuru ninyi vinyozi kwa viti hivi vizuri vya kuzunguka walivyokalia wakuu wangu, ambavyo tulivichukua kwenye saluni zenu bila kuwasumbua kwa kuwauliza. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Mama Wembe anatangulia, anamnyanyua ofisa mmoja na kukibeba kiti chake, Kipara nyuma yake, kisha wengine na viti vyao.)

Ndugu vinyozi, kikao hakijafungwa. Mama, mnakwenda navyo wapi? Nimesema siku jibu litakapotoka. Mama, nakuuliza wewe. (Mama Wembe, bila kugeuka: "Saluni, mheshimiwa. Nafungua saa nane.") Hiyo ni kinyume cha waraka. Ndugu Mkuu wa Idara, kaa hapohapo ulipo, usinyanyuke, kiti hicho ni kielelezo cha serikali.

Umenyanyuka.

Basi ndugu Kaimu, wewe angalau. Ndugu Kaimu, mbona na wewe unashika kidevu na kumfuata mama?