Hotuba ya Posa Juu ya Mawingu

Jumatatu, 3 Juni. Antananarivo.

Vimefika! Vispika viwili vya masikioni, havina waya, kila kimoja kama punje ya harage. Nimevivaa jikoni. Mke wangu akawa anafungua mdomo na kuufunga, sisikii hata neno. Kumbe alikuwa anasema wali unaungua. Wali umeungua. Sijali! Aliyebuni kitu hiki apewe heshima zake.

Mpango ni huu. Jumamosi tunamposea mdogo wangu Toky, kwa kina Volana, mchumba wake, kule Antsiranana. Baba Mkubwa Ratsimba, msemaji wa ukoo wetu kwa miaka thelathini, koo limemharibikia na daktari amemkataza hotuba. Atakayesimama Jumamosi na kuweza, ndiye msemaji mpya, naye atavishwa lile shuka jeupe la babu. Tunaolitaka ni wawili: mimi na binamu yangu Faneva, mfuga nyuki, mtu wa maneno mawili kwa siku. Nimeomba nianze mimi. Baba Mkubwa amekubali, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Faneva akasema sawa, kaka. Sawa, kaka! Dharau tupu.

Jumanne, 4 Juni.

Kwetu hotuba ya posa haisomwi kwenye karatasi. Ukichungulia karatasi mbele ya wakwe, umekwisha. Lakini kuhusu sikio hakuna aliyesema kitu! Ninayo kwenye simu sauti ya Baba Mkubwa akimposea huyo huyo Faneva, miaka sita iliyopita. Dakika arobaini. Leo nimeisikiliza nikatokwa na machozi. Anaomba radhi kwa kusimama mbele ya wazee, anaomba radhi kwa vijana, kwa waliowahi, kwa waliochelewa, kwa mvua, mpaka kwa kikohozi chake mwenyewe, halafu anakohoa. Hata kukohoa kwake kuna ustadi! Nitaikariri yote, na kikohozi chake. Jina la Noro, mke wa Faneva, nitaliondoa na kuweka Volana. Kazi ndogo hiyo.

Alhamisi, 6 Juni. Ndegeni.

Wenzangu waliondoka jana. Mimi nimebaki nyuma ili nikariri kwa utulivu.

Mhudumu ameniambia nivue vispika wakati wa kuruka, nisikie maelekezo. Nimevua. Nimevaa kofia. Nimevivaa tena chini ya kofia. Akili hizo! Mara cha kushoto kikaponyoka na kubingirika chini ya viti. Mzee mmoja wa kiti cha dirishani, mdogo wa mwili, kofia ya ukili magotini, ameinama mpaka chini akanirudishia kwa mikono miwili. Wazee wetu bwana! Baadaye aliniuliza jambo. Nikaona midomo tu, nikatikisa kichwa kwa heshima kwamba ndiyo.

Simu iko kwenye hali ya ndegeni na vispika bado vinafanya kazi. Maajabu! Injini hazisikiki. Mtoto wa mbele analia bila sauti. Nimebaki na Baba Mkubwa peke yake ndani ya kichwa. Nimerudia maneno yake moyoni, moja baada ya jingine, dakika zote arobaini. Abiria wa karibu walikuwa wakipanua midomo kwa pamoja, kila baada ya muda. Nadhani walikuwa wanazibua masikio. Mhudumu alinigusa bega mara mbili. Nikamwonyesha kuwa mkanda nimefunga. Akaondoka ameshika tumbo. Tulipotua, ndege nzima ilipiga makofi. Rubani yule ni hodari.

Ijumaa, 7 Juni. Antsiranana.

Faneva ameuliza kama nataka kufanya mazoezi mbele yake. Aniibie! Nimemwambia akaangalie nyuki wake. Akasema nyuki wako Antananarivo, kaka. Mtu huyu ana majibu.

Jumamosi, 8 Juni.

Siwezi kuandika. Basi naandika.

Sebule ya kina Volana imejaa. Kispika kimoja sikioni, nywele zimekifunika. Baba Mkubwa amepakata lile shuka. Akaingia msemaji wa upande wa pili, na nani? Yule mzee wa dirishani! Mzee Andriambelo, wamemwita kutoka kwetu Antananarivo. Nilimfurahia kweli. Nikasimama, nikabonyeza simu mfukoni.

Kabla sijafungua mdomo akainua mkono. Akasema mwanangu kaa, usijichoshe, radhi zako tulikwisha kukupa juu ya mawingu, abiria wote pamoja na wahudumu. Akasema aliniuliza kama nilikuwa nasema naye, nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, kwa hiyo adabu ilimtaka asikilize mpaka mwisho na kuitikia panapostahili. Halafu akaitoa hotuba yangu nzima. Aliisikia mara moja tu! Hana karatasi, hana kispika. Wazee, vijana, waliowahi, waliochelewa, mvua. Akafika kwenye kikohozi, akakohoa. Kikohozi chenyewe! Baba Mkubwa aliinuka nusu kwenye kiti, machozi yanamtoka, maana ilikuwa sauti yake inamrudia. Niseme ukweli, sijapata kuona mtu kama mzee yule.

Akamalizia kwamba neno moja tu limewatatiza. Nimemposa Noro. Noro wanamwona pale, amekaa na mumewe, na hawajui kama mumewe ameridhia. Wao binti yao ni Volana, kama bado tuna haja naye.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Toky hakucheka. Alinitazama tu, jasho linamtiririka, na Volana mlangoni ameng'ang'ania pazia. Sikioni mwangu sauti ya Baba Mkubwa ilikuwa imeanza upya, inaomba radhi. Nikasema: radhi kwa waliochelewa.

Ndipo Faneva akasimama. Akasema tumekuja kumwomba Volana. Kaka yangu alianza kuomba angani kwa sababu tunamtaka sana. Noro simtoi. Akakaa.

Mzee Andriambelo ndiye aliyeanza kupiga makofi. Volana tumepewa. Shuka kavishwa Faneva. Alisema vizuri, sikatai, na linamkaa vizuri mabegani. Nimelia kidogo chooni. Nimelitamani shuka lile tangu nina miaka tisa.

Mlangoni mzee alinishika mkono, akaniambia kwa upole kwamba mtu akiziba masikio anaongea kwa sauti kubwa bila kujua. Nimemshukuru sana. Maskini, mambo haya ya kisasa atayajulia wapi? Kosa mimi nimeshaligundua. Vispika vyangu ni hafifu, vinavujisha! Sauti ya Baba Mkubwa ilitoka masikioni mwangu ikajaa ndege.

Jumatatu, 10 Juni. Ndegeni, tunarudi.

Nimenunua vipya. Vinene, vinaziba kabisa. Vizuri ajabu! Ukoo wote tuko pamoja: Faneva na Noro nyuma yangu, Baba Mkubwa ng'ambo ya njia. Naandika huku nikijisomea moyoni, taratibu, ili maneno yakae sawa.

Mpango mpya. Mwezi wa nane tunamposea mtoto wa shangazi, Jumamosi. Faneva nitamwambia ni Jumapili. Shuka liko kwenye begi lake jekundu, nitalichukua tukifika, wakati anatafuta teksi. Baba Mkubwa nitamwambia Faneva amejiuzulu mwenyewe kwa aibu. Hakuna atakayejua ila mimi na daftari hili.

Ajabu, abiria wote wamegeuka kunitazama. Watu wanamheshimu mtu anayeandika. Noro ameziba mdomo. Faneva amelitoa begi jekundu chini ya kiti na kulipakata. Na Baba Mkubwa, aliyekatazwa na daktari, amepanua mdomo wote kuelekea kwangu, mishipa ya shingo imemsimama. Anazibua masikio, mzee wetu. Nimemwinamia kwa heshima, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.