Gego la Mshenga

Jumatatu, 14 Julai

Siku njema, jino baya. Naanza na njema: ukoo umekaa na kunichagua mimi, Bushiri, kuwa mshenga wa Munir! Jumamosi tunakwenda Nkuhungu kwa Mzee Abubakari kumposea binti yake, Khairat. Munir ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu hajui kufunga vifungo vya shati, na huyo binti anampenda mpaka unamwonea huruma. Shida ni mzee. Amesharudisha washenga wa watu wengine, eti wanaongea kama wanauza mitumba. Tukirudishwa na sisi, sijui nitamtazama vipi kijana wangu.

Sasa jino. Gego la chini kulia, limetoboka tangu mwaka juzi. Tulikuwa tumezoeana. Leo nimefungua mdomo kucheka kwa furaha ya kuchaguliwa, upepo wa Julai ukaingia mpaka shimoni. Nimeona nyota mchana kweupe!

Mke wangu Adija kasema niende hospitali kwa daktari wa meno, ling'olewe, yaishe. Haiwezekani. Kwanza, mshenga mwenye pengo atapiga mluzi kila akitoa salamu. Pili, naogopa koleo. Hiyo ya pili sijamwambia.

Binamu yangu Zaidi, ambaye ushenga aliutaka yeye, kaniuliza mbona nimeshika shavu. Nikamwambia nafikiri. Kasema basi ndiyo maana hajaizoea hiyo sura.

Jumanne, 15 Julai

Nina mpango. Mzuri sana! Siendi kwa daktari wa meno, naenda chumba cha dharura. Dharura hawana koleo. Wana sindano. Unachomwa, unashukuru, unarudi nyumbani na meno yako yote. Nashangaa watu hawajaligundua hili.

Wameligundua. Nusu ya benchi walikuwa wameshika mashavu. Mama mmoja aliyetoka mbali huko porini kaniambia yeye huja kila jino likimchachamalia, anapewa vidonge, anarudi shambani, na jino lenyewe ana nalo tangu kitinda mimba wake hajazaliwa. Nikajiona niko na wenzangu.

Nesi Paulina, mama wa Kigogo mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, kanisalimia mbukwenyi, kanimulika mdomoni, kaguna. Sindano hakunipa. Kanipa vidonge, kisha akanivuta dirishani. Jengo lile la bluu ndilo la meno, kasema, mlango uko wazi na daktari hana mtu. Kweli, nilimwona daktari kwa macho yangu. Alikuwa anakunywa chai. Nikashukuru sana, nikapita nyuma ya mashuka yaliyoanikwa ili jengo la bluu lisinione, nikapanda bodaboda.

Jumatano, 16 Julai

Vidonge vimeniaga alfajiri.

Leo mazoezi ya maneno ya posa, mbele ya mashangazi wote. Nikajihami kwa karafuu. Jirani alisema punje moja. Nikaona jino langu si la punje moja, nikajaza shavu. Maumivu yakapoa, nasema kweli. Ulimi nao ukapoa. Nilisimama kusema tumekuja kuomba ua katika bustani yenu, wakasikia nimekuja kuomba kitu ambacho shangazi mkubwa hakupenda kitajwe mbele ya wajukuu.

Zaidi kasimama bila kuombwa, kayasema maneno yote, kwa madaha, huku meno yake yote yakionekana. Mashangazi wakatazamana. Munir akaniambia kwa upole kwamba baba mdogo kama unaumwa siyo lazima. Upole wake ndio ulionichoma. Nimemwambia nitasema mimi, hata kwa ishara.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango wa jana ulikuwa na kosa dogo: niliwaambia ukweli. Ukisema jino, unapewa vidonge na dirisha. Leo nimesema moyo.

Mambo yalikwenda haraka mno! Foleni yote niliiruka. Kitandani, shati chini, wembe ukapita kifuani, nywele nilizozitunza tangu ujana zikaenda. Nyaya kila mahali. Nesi Paulina kaniuliza panauma wapi hasa. Nikajibu hapa. Mkono, wenyewe bila kutumwa, ukaenda shavuni.

Akaufuata mkono kwa macho. Nikaurudisha kifuani. Mashine ikaandika kwamba moyo wangu ni mzima kama wa kijana.

Hapo hapo wakamwingiza mzee mmoja anayehema kwa shida, binti yake analia, na kitanda ndicho hicho nilicholalia mimi. Niliona aibu, sifichi. Niliruka chini na nyaya zangu, nikamshika yule mzee miguu tukampandisha. Baadaye Nesi Paulina katoka nje, kasema mzee anaendelea vizuri, kisha kasema baba, hapa si mahali pa kulikimbia koleo, siku moja kitanda hiki utakihitaji kweli. Nimemwahidi sitarudia. Sindano niliogopa kuomba.

Ijumaa, 18 Julai

Nimesali nikiitikia amina kwa upande mmoja wa mdomo. Kifua kinawasha.

Jumamosi, 19 Julai

Allahu akbar! Niandike polepole.

Tumefika Nkuhungu, mashangazi, mimi na Zaidi. Munir kabaki nyumbani na simu mkononi. Mpango wangu: kusema kidogo, kutafuna kushoto, kutabasamu kwa macho. Tukampa Mzee Abubakari shikamoo, akaitikia bila haraka. Pilau ikaletwa, na kuku wa kienyeji aliyeishi miaka mingi. Kukataa chakula cha wakwe ni kuikataa posa, kwa hiyo nilimmeza yule kuku vipande vizima vizima. Nikafika salama. Zaidi alikuwa ananitazama mdomo muda wote.

Ndipo ikaja juisi ya ukwaju, imetoka kwenye friji na barafu juu. Mama mwenye nyumba kaniletea yeye mwenyewe, kasimama pale pale aone nikionja. Nikapiga funda. Wakati huo huo Mzee Abubakari akauliza, sasa niambieni, huyo kijana wenu ana nini cha kunifanya nimpe binti yangu?

Ukwaju ukaingia shimoni.

Sijui nielezeje. Machozi hayakunitoka, yalimwagika! Nikafungua mdomo kusema maneno yote ya ua na bustani, ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwangu. Nikashika kifua, kwa kuwa shavu niliona aibu kulishika. Nikaweza neno moja tu: Munir. Nikalia tena.

Bibi yake Khairat naye akaanza kulia. Mzee Abubakari akavua miwani. Kasema wamekuja watu hapa na maneno ya kukariri, wameng'ara, wamekwenda. Hajaona mtu mzima akimlilia mtoto wa marehemu ndugu yake namna hii. Kijana aliyelelewa kwa machozi haya, kasema, binti yangu atakuwa salama kwake.

Zaidi hakuvumilia. Akasema wazee, msidanganyike, hilo ni jino! Balaa alilolipata. Bibi alimwuliza kama kwao hawana moyo. Shangazi mkubwa kamfinya hadharani.

POSA IMEKUBALIWA! Nikampigia Munir. Nikasikia anavuta kamasi. Hapo nililia bila jino kuhusika.

Jumapili, 20 Julai

Shavu limeumuka kama kitumbua. Jicho la kulia limezibwa. Homa, baridi, mdomo haufunguki. Adija hakuniuliza, kaita gari.

Dharura tena. Nesi Paulina kanitazama mara moja, hakunidai maelezo, kanipitisha mbele ya wote. Hata katikati ya mateso nilifurahi kuruka foleni kihalali. Sindano nikapata, na dripu juu. Wakamwita nyumbani kwake Daktari Bilkis, yule wa jengo la bluu. Kasema usaha umeshuka mpaka taya, na ningechelewa kidogo ungeshuka kooni, nisingeweza kuhema. Adija aliondoka kitandani akaenda kusimama ukutani. Nilimsikia analia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko koleo.

Koleo lenyewe? Ganzi, kuvuta kidogo, basi. Juisi ya ukwaju iliuma zaidi. Daktari kasema tundu lile lingezibwa mwaka juzi kabla hata chai yake haijapoa. Kisha akamulika tena, kasema gego la jirani nalo limeanza, dogo bado, nirudi Alhamisi lizibwe. Nimeapa mbele yake, mbele ya Adija na mbele ya Nesi Paulina.

Alhamisi, 24 Julai

Nimepona. Pengo halipigi mluzi kabisa. Asubuhi nilivaa shati safi ili nikazibe jino, kama nilivyoapa.

Mlangoni nikakutana na wageni. Ni familia ya Nathanaeli, fundi baiskeli. Mtoto wao anataka kuposa Chamwino kwa mzee ambaye, wanasema, Mzee Abubakari kwake ni mpole. Habari zangu zimewafikia. Wanataka yule mshenga anayelia, hawataki mwingine. Zaidi alikuwa anapita, kasikia yote, uso ukamshuka. Ningekataaje? Posa ni mwisho wa Agosti.

Nimemtuma bodaboda ampe Daktari Bilkis salamu na kumwambia nimepatwa na udhuru.

Kisha nikanywa maji baridi ya mtungini, nikiyaelekeza kwenye gego jipya, kulijaribu. Chozi moja, tena la jicho moja. Bado changa. Nimemwambia Adija kuanzia leo aongeze sukari kwenye chai yangu.