Picha Mia Nne za Kanisa Jeupe

Jumatatu, 30 Machi

Maharage tena. Wiki ya sita ya Kwaresima na mama hajaruka hata siku moja. Nimechoka kabla ya kuanza.

Lakini leo nimeanza. Idara ya mambo ya kale inataka umbo la pande tatu la kanisa dogo la Mtakatifu Marina, lile la juu mwambani. Liwe ndani ya kompyuta, la kuzungushwa kila upande, sahihi, lisikosee zaidi ya sentimita moja. Tumekubaliwa kujaribu wawili: mimi na binamu yangu Thrasos. Atakayeshinda anapewa makanisa yote ya kisiwa. Sitini na matatu! Kazi ya miaka mitatu, nalala nyumbani, sipandi meli. Nikishindwa, nakwenda Piraeus, bandari ya Athens, kukaa dukani kwa shemeji Apostolis. Dada amekwisha kunitandikia kitanda chumba cha watoto. Nina miaka arobaini na mmoja. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa nane mchana.

Thrasos ana mashine ya kupimia kwa leza, ya miguu mitatu. Anaisimamisha, inajizungusha, yeye anavuta sigara, kazi imekwisha. Mimi nina kamera na akili. Napiga picha mamia kutoka kila upande. Programu inatafuta doa lile lile katika picha hii na ile, inapiga hesabu, inajua ukuta uko wapi. Siri yote ni madoa. Na Mtakatifu Marina ana madoa ya kutosha nchi nzima: kuvu, kutu ya kengele, nyufa, mkojo wa mbuzi. Mwaka wa pili huu kanisa halijapakwa chokaa, kwa sababu Bi Asimina na Bi Kaliroi wamegombana zamu ni ya nani na hawasalimiani. Mungu awazidishie.

Nimebandika vibao sita vya kupimia, vyenye miraba myeusi na myeupe. Nimepiga upande wa kaskazini na wa mashariki. Picha 212. Kisha jua likawa kali, nikaacha. Nitamalizia kesho. Ukweli ni magoti, si jua.

Jumanne, 31 Machi

Thrasos hajapima bado. Nimemkuta mkahawani. Aliniuliza mbele ya watu, “Vipi Polikroni, hizo picha zako ni za pasipoti?” Wakacheka wote. Padri Nektarios naye akacheka, na ndiye aliyenibatiza.

Akasema atapanda kesho asubuhi. Nikaagiza kahawa ya pili na kuanza kupanga.

Leza haipendi watu wapite mbele yake. Kila apitaye anaharibu vipimo. Basi dawa ni watu! Nilikwenda kununua mkate, nikamnong'oneza Bi Asimina kwamba Alhamisi wageni wakubwa wa Athens wanakuja kuliona kanisa. Nikamsihi asimwambie mtu. Bi Asimina ukimsihi hivyo ni sawa na kutangaza redioni. Hakuna atakayengoja Alhamisi: kesho kijiji kizima kitakuwa kule juu kikichungulia, na Thrasos atapima makalio ya kijiji.

Mpango safi. Nikalala mchana kutwa kwa kuridhika. Kulikuwa na mawingu, hali nzuri kuliko zote ya kupiga picha. Haidhuru.

Jumatano, 1 Aprili

Ningependa iwe mzaha wa tarehe. Si mzaha.

Nilipanda saa tatu asubuhi. Kwenye kona nikaona mwanga, nikadhani ni jua. Lilikuwa kanisa. Jeupe! Jeupe pepepe! Wanawake kumi na mmoja, brashi zimefungwa kwenye matete, mikono nyeupe hadi viwikoni. Wamepaka kuta, ngazi, kizingiti, maungio ya mawe ya uani, shina la mtini. Wamepaka kila kisichoweza kukimbia. Vibao vyangu sita navyo vimepakwa, mara mbili.

Bi Asimina na Bi Kaliroi walikuwa wamekumbatiana wakilia. Ugomvi umekwisha. Kwa sababu yangu.

Na juu ya ngazi ni nani? Mama. Miaka sabini na minne! Nikauliza, kwa sauti ambayo sijivunii, nani kawatuma. Akanishangaa. Akasema mgeni hapokelewi na uchafu, tungeaibika mpaka Athens. Kisha akashuka polepole, akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye aliyewaamsha wenzake saa kumi na moja alfajiri. “Ni kazi yako, mwanangu. Nimetaka litoke zuri kwenye picha, usije ukaenda Piraeus.”

Nikamwambia limependeza. Nikamshikia ndoo.

Thrasos akafika na miguu yake mitatu. Nikangoja fujo. Yeye akawaamkia wote mmoja mmoja, akawaomba akina mama wampishe dakika arobaini, wakae kivulini. Wakakaa! Wakampa kahawa na halua. Leza haina shida na ukuta mweupe, hata unaifaa. Alipomaliza akanishukuru kwa kuwaleta akina mama. Kwa sauti, wote wasikie.

Mimi nilipiga kusini na magharibi hivyo hivyo. Programu ikatafuta doa, haikuliona. Upande wa kaskazini umetoka vizuri na kuvu zake za Jumatatu. Upande wa kusini ni ukungu wenye kengele.

Maharage. Sikumaliza.

Alhamisi, 2 Aprili

Wageni wa Athens hawakufika. Nikawaambia akina mama bahari imechafuka. Bahari ilikuwa imelala kama maji ya beseni, na wote waliigeukia kuitazama.

Lakini nina mpango mpya. Kama madoa hayapo, yaletwe.

Nimeomba makapi ya kahawa mkahawani, ndoo nzima. Nimesema ni mbolea ya nyanya. Nikangoja saa ya usingizi wa mchana, ambapo hapa kwetu hata mbwa habweki, na ukimpigia mtu simu ni lazima uwe umefiwa. Nikachukua ndoo na brashi ya mama. Mama akanikuta mlangoni. Ikabidi nimweleze: mashine haioni kitu cheupe, lazima nilichafue kanisa kidogo. Akaitazama ndoo. Akapiga ishara ya msalaba mara tatu. Kisha akabeba kiti. Akasema atanilindia njia.

Alikiweka kiti upande wa kusini, karibu na mlango, akakaa na aproni yake ya maua, macho njiani. Baada ya dakika mbili amelala. Alikuwa macho tangu jana alfajiri kwa ajili yangu, sikuwa na moyo wa kumwamsha. Nikanyunyizia kahawa kumzunguka. Ukuta ukawa na vidoadoa kama yai la kware. Uzuri ulioje! Nilipiga picha mia nne kamili, kusini na magharibi, nimepinda mgongo, nimepiga goti, nimepanda mtini. Mama hakutikisa hata kope.

Saa kumi na moja ikalia kengele ya ibada ya jioni, wakaja. Sitaandika waliyoyasema. Bi Kaliroi alimwita Mtakatifu Marina kwa jina lake na la baba yake. Nikajitetea kwamba ni mbayuwayu. Padri Nektarios akaukaribia ukuta, akaunusa, akasema tangu apewe upadri hajaona mbayuwayu anayekunywa kahawa, tena isiyo na sukari.

Kabla ya giza kanisa lilikuwa jeupe tena. Bi Asimina alishika ndoo, Bi Kaliroi brashi, dada wa toka nitoke. Hawakunisalimu.

Haidhuru. Picha ninazo.

Ijumaa, 3 Aprili

Programu imepiga hesabu tangu jana jioni, kompyuta inaunguruma kama friji mbovu. Saa nne asubuhi ikamaliza. Kaskazini na mashariki: safi, kuvu zote zipo. Kusini na magharibi: safi, kahawa yote ipo. Ila haviungani! Kwenye pembe, ukuta wa Jumatatu na ukuta wa Alhamisi hazina doa hata moja la pamoja. Programu inaamini ni makanisa mawili yasiyojuana. Vibao ndivyo vingeyapatanisha, navyo viko chini ya chokaa.

Saa sita Thrasos akapita dirishani. Alikuwa amesikia. Akasema, “Ndugu yangu, nimeshatuma yangu. Vipimo vya pembe zote ninavyo hapa. Chukua, uunganishe kwa haki, sisi ni damu moja.” Karatasi ilikuwa mkononi mwake, ameipitisha dirishani. Mama akaniangalia. Nikamwambia Thrasos ahsante, sihitaji kubebwa.

Nimeunganisha kwa jicho. Nilifumba moja, nikasukuma kipanya, nikasogea nyuma, nikasukuma tena. Limekaa. Karibu limekaa. Mama yumo humo kitini. Nilijaribu kumfuta, akaondoka na kipande cha ukuta, nikamrudisha. Nimetuma saa nane kasoro dakika nne.

Mama ameuliza kama litatosha. Nimemwambia litazidi.

Jumatatu, 6 Aprili

Bi Melpomeni wa idara amepiga simu. Mwanamke mpole sana. Kadiri alivyozidi upole ndivyo nilivyozidi kuishiwa nguvu. Akasema kanisa langu lina pembe iliyotokeza nje sentimita thelathini na moja, na kengele mbili, ingawa kengele ni moja. Makanisa sitini na matatu amepewa Thrasos.

Nikashukuru. Nilikuwa nakata simu, akakohoa. Akasema kuna jambo jingine. Yule bibi kwenye kiti. Ofisi nzima wanamzungusha kwenye kompyuta tangu asubuhi, juu na chini. Kila mkunjo wa kidole upo, kila ua la aproni, hata ukucha wenye chokaa. Hawajawahi kupokea kitu sahihi namna ile. Akauliza ni sanamu ya karne gani.

Nikamwambia ni mama yangu, amelala.

Akasema nimsalimie.

Jioni Thrasos amekuja na sahani ya halua. Akasema mashine ni nzito na makanisa yako vilimani, anahitaji mtu wa kushirikiana naye. Miaka mitatu yote, nalala nyumbani. Alisema “kushirikiana,” lakini mimi si mjinga. Ni kubeba ile miguu mitatu. Mama alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, amezuia pumzi, naliona pazia limetulia tuli. Nikamwambia Thrasos kwamba mimi si punda wa mtu.

Thrasos akaondoka, halua akaiacha. Mama alitoa pasi akaanza kupiga mashati yangu, yote, hata ya baridi. Niliketi pale nikimtazama na nilijisikia vibaya sana. Nilitaka kumkimbilia Thrasos barabarani. Lakini nilikuwa nimeshavua viatu.

Alhamisi, 23 Aprili. Piraeus

Wiki ya kwanza dukani. Shemeji Apostolis anauza vyoo, masinki na mabafu. Miguu inaniwaka moto. Mpwa wangu mdogo hupiga mateke usingizini, na mkubwa huniuliza kila siku nitaondoka lini.

Jioni, wote wakiwa kwenye televisheni, nafungua kompyuta na kumgeuza mama. Polepole, kushoto, kulia. Maishani mwangu sikuwahi kumtazama kwa nyuma. Shingo imekuwa nyembamba. Pini moja ya nywele imelegea na sikumwambia. Namkumbuka mpaka kifua kinauma. Jana nilimpigia, akaniuliza kama nakula. Nikasema nakula. Akasema Thrasos amefikisha kanisa la nne na kila akipita huingia kumsalimu. Nikasema simu inakatika.

Lakini leo, mpango! Shemeji analalamika kwamba wateja wanataka kuona bidhaa kwenye mtandao. Nikamwambia picha za kawaida zimepitwa na wakati, dawa ni pande tatu. Mteja analizungusha bafu kwa kidole! Akaniuliza kama kazi hiyo naiweza. Nikamwambia awaulize watu wa idara ya mambo ya kale, hawajawahi kupokea kitu sahihi kama changu. Na huo si uongo. Amekubali kunijaribu. Vikitoka vizuri, maduka mengine yatanitaka, nitafanya kazi hii nikiwa nyumbani kisiwani, na Thrasos atakuja mwenyewe kuniomba.

Tunaanza kesho na sinki moja na choo cha kifahari, cheupe, cha kutoka Italia. Nimevisugua tangu saa nane, kwa siki, kisha kwa kitambaa laini, kwa sababu kitu kikienda kwenye picha lazima kipendeze. Vinang'aa mpaka najiona uso. Hakuna doa hata moja. Kesho picha mia nne.