Kiunzi cha Sikio la Kushoto

Jumatatu, 3 Novemba 1997
Jumapili naenda Laela kujitambulisha kwa wazazi wa Hellena. Picha waliyopelekewa ina masikio mawili kamili. Mwezi uliopita mbwa wa Theodory, fundi redio, alininyofoa ncha ya la kushoto. Theodory naye anamtaka Hellena. Sidhani mbwa alijituma.

Leo redio imesema wataalamu wa nje wanaotesha sikio. Unatengeneza kiunzi chenye matundu, unapanda chembe hai, unatunza joto na unyevu. Nyama ikishika, kiunzi kinayeyuka. Hapo betri zikaisha. Niliyosikia yanatosha.

Jumanne, 4 Novemba
Kiunzi cha kwanza: spoki ya baiskeli. Haiyeyuki, na inachoma. Cha pili: sukari guru. Kimeyeyuka kabla ya saa nne, sisimizi wamenifuata hadi sokoni. Cha tatu: dodoki, nimelikata umbo la sikio. Matundu tele. Kuyeyuka tutaona mbele ya safari.

Chembe hai nimezipata kwa Mama Dominika, mpika pombe. Ulezi uliolowekwa, umeanza kuchipua. Hai kabisa. Nimeupanda ndani ya dodoki, nikalifunga sikioni, kofia juu yake.

Alhamisi, 6 Novemba
Nesi Cornelia, aliyenifunga kidonda, kasema chembe hai ni sehemu ndogo mno za mwili, hazionekani kwa macho, wala si ulezi. Nikamuuliza kama alisikiliza redio. Hakusikiliza. Basi.

Theodory kauliza kofia ya sufu ya nini na jua lote hili. Nimemwambia siku hizi kila kitu ruksa.

Jumamosi, 8 Novemba
Limeota! Nimepapasa chini ya kofia, kuna kitu laini kimesimama. Harufu ipo kidogo.

Jumapili, 9 Novemba
Laela. Nimetoa shikamoo, Mzee Benjamini, baba yake Hellena, akaniambia nivue kofia. Majani mabichi. Kuku akaja kudonoa. Mama akauliza mbona nanuka pombe. Nikaona mchumba anaondoka hivi hivi. Nikakiri yote.

Mzee akaninyooshea mkono wa kulia. Kidole cha shahada hakipo, kililiwa na mashine ya kukoboa. Akasema anatafuta mkwe, hatafuti sikio. Posa nilete, ila kuotesha kuishie shambani. Nimeapa mbele ya Hellena. Furaha imenizuia hata kula.

Jumatatu, 10 Novemba
Wakati wa kuagana nilimshika Mzee mkono kwa muda mrefu, kwa heshima. Kidole kinachokosekana ni inchi tatu. Kiunzi ninacho tayari: gunzi, matundu yake ya kuzaliwa.

Kosa langu nimelijua. Ulezi ni mdogo mno. Kidole kinataka mahindi.